Kotonii, Mwani Unaochagua Maji

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limechapwa hapa ili mpate kulisoma tena pamoja, polepole. Maneno magumu yameelezwa mwishoni, na baada yake yako maswali ya darasa.

  Kila mmoja awe na daftari na penseli, maana leo tutasoma, kisha tutafanya hesabu kidogo.

Somo letu la leo ni habari za mmea wa baharini uitwao kotonii. Kotonii ni aina ya mwani. Mwani huu una bei nzuri, lakini ni mgumu kuulima. Watu wengi wa pwani wameupanda, wakautazama ukigeuka mweupe na kukatika vipande vipande, wakaenda nyumbani mikono mitupu. Wengine wakasema ni hasadi. Wengine wakaambiwa kuwa ni wavivu. Leo tutaona kwamba sababu si hasadi wala uvivu. Sababu iko katika maji. Tena tutaona kwamba mkulima aweza kuyajua maji yake kabla ya kutia fedha na nguvu zake zote.

MWANI NI KITU GANI?

Mahindi yana mizizi. Mizizi huingia katika udongo, ikanyonya maji na chakula, ikakipeleka juu kwenye majani. Mwani hauna mizizi ya namna hiyo. Hauna shina la kweli wala majani ya kweli. Mwili wote wa mwani hunywa na kula. Kila kipande kinanyonya chakula kutoka katika maji yanayokigusa.

Basi, kwa mwani, maji ndiyo shamba. Maji ndiyo udongo, ndiyo mbolea, na ndiyo hewa. Maji yakiwa mabaya, hakuna jembe wala samadi iwezayo kuutengeneza.

Wako watu mijini ambao hufuga samaki wadogo katika tangi la kioo nyumbani, wakapanda na mimea ndani ya maji. Mwenye tangi ana nafasi kubwa. Maji yakipata moto, huyapoza. Yakichafuka, huyabadili. Mwanga ukipungua, huongeza taa. Yeye huyatengeneza maji yaufae mmea. Lakini mkulima wa mwani hawezi kuibadili bahari. Kazi yake ni kinyume: huuchukua mmea, akautafutia mahali penye maji yanayoufaa. Hapo ndipo penye ufundi wote wa kulima kotonii.

AINA MBILI

Katika pwani yetu watu hulima aina mbili za mwani kwa biashara. Ya kwanza ni spinosumu. Spinosumu ina miiba miiba laini mwilini, na ni mvumilivu. Ya pili ni kotonii. Kotonii ni nene, matawi yake ni laini na yenye kuteleza.

Aina zote mbili hukaushwa na kuuzwa ng'ambo. Huko viwandani hutolewa kitu kinachofanya vitu vya majimaji vishikane na kuwa vizito. Kitu hicho huitwa karajenani. Hutiwa katika aiskrimu, katika vyakula vya maziwa, katika nyama za makopo, na hata katika dawa ya meno. Karajenani ya kotonii hushikana sana, ikawa ngumu. Ile ya spinosumu hushikana kidogo, ikawa laini. Wenye viwanda huitaka sana ile ngumu. Kwa sababu hiyo bei ya kotonii huizidi bei ya spinosumu, na mara nyingine hufika maradufu.

Labda Bibi mmoja darasani atauliza: "Mwalimu, kama ni hivyo, kwa nini sisi sote tusilime kotonii tu?" Swali jema, Bibi. Jibu ndilo somo lenyewe.

MWANI ULIVYOANZA KULIMWA

Zamani watu wa pwani hawakulima mwani. Waliuokota tu. Katika miaka ya 1950 mwani wa porini uliokotwa ufukoni na kuuzwa nchi za nje. Lakini kitu kinachookotwa bila kupandwa hupungua.

Huko Ufilipino, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walianza kulima mwani kwa kuufunga katika kamba baharini. Mtaalamu mmoja, Maxwell Doty wa Chuo Kikuu cha Hawaii, alifanya kazi kubwa katika jambo hilo. Kwetu, Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza mwani wa pwani ya Tanzania, akaeleza kwamba watu wetu nao waweza kuulima.

Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Unguja, upande wa mashariki, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino. Baadaye kilimo kilienea Pemba, na bara katika sehemu za Tanga, Bagamoyo, Mafia, Lindi na Mtwara. Katika nchi ya Kenya hulimwa upande wa Kwale, mathalani katika kijiji cha Kibuyuni.

Wakulima wengi walikuwa wanawake, na hata leo ni hivyo. Kwa fedha za mwani wengi wamelipa ada za watoto, wamenunua mabati, wamenunua vyombo. Kwa hiyo mwani unapokufa, si mmea tu unaokufa. Bati halinunuliwi, na mtoto huenda akarudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Tangu miaka ya 2000 kotonii imekufa mara nyingi. Vijiji vingi vya Unguja vimeiacha, vikabaki na spinosumu. Pemba ziko sehemu ambako bado imeshika. Kwa nini imekufa hapa na kuishi pale? Na tutazame mahitaji yake.

KOTONII INATAKA MAMBO MANNE

Jambo la kwanza ni maji yasiyo moto sana. Kotonii hukua vizuri katika maji ya joto la digrii 25 hadi 30. Joto likizidi hapo kwa muda mrefu, huanza kuumwa. Spinosumu huvumilia zaidi.

Jambo la pili ni maji yanayotembea. Mkondo mzuri huuletea mwani chakula kipya kila saa. Huusafisha pia. Tope na uchafu havipati nafasi ya kutulia juu yake. Maji yaliyosimama ni kama sahani iliyokwisha liwa: mwani umemaliza chakula kilichokuwamo, na kingine hakiji.

Jambo la tatu ni chumvi ya kutosha. Maji ya bahari yetu yana chumvi ya gramu 35 hivi katika kila lita moja. Karibu na mlango wa mto, au penye chemchemi zinazotoka chini ya mchanga, chumvi hupungua. Mvua kubwa ya masika ikinyesha wakati maji yamekupwa, chumvi hupungua pia. Kotonii haipendi hayo.

Jambo la nne ni mwanga wa kadiri. Kila mmea hutaka jua. Lakini mwani ukiachwa juu ya maji, ukapigwa na jua la saa sita, huungua. Hata maji yanapokupwa kabisa, yafaa mwani ubaki umefunikwa, maji yafike magotini au karibu yake. Tena usiguse mchanga.

Yaandikeni hayo manne: joto, mkondo, chumvi, mwanga.

JARIBIO LA SAHANI NA NDOO

Sasa nawaomba mfanye jaribio dogo, ili msinisadiki mimi tu. Kesho asubuhi chukueni sahani moja na ndoo moja. Tieni maji kidogo katika sahani, na ndoo muijaze. Wekeni vyote viwili juani, mahali pamoja. Saa sita ya mchana tieni mkono katika sahani, kisha tieni mkono katikati ya ndoo. Mtaona kwamba maji ya sahani yamepata moto sana, na ya ndoo bado ni baridi kidogo.

Jua ni lile lile. Mahali ni pale pale. Tofauti ni kina. Maji machache hupata moto upesi. Maji mengi hukawia.

Basi fikirini ufuko wenu. Maji yakikupwa wakati wa bamvua, ndani ya mwamba hubaki vidimbwi na maji ya kina kifupi. Hayo ni sahani. Nje zaidi, penye kina, ndiyo ndoo. Katika vidimbwi vile joto la mchana laweza kupita digrii 35. Kotonii iliyofungwa humo huwa kama samaki katika chungu.

Zamani kidogo maji hayo yalikuwa moto kwa saa chache, kisha yalipoa. Lakini katika miaka hii bahari zote za dunia zimeongezeka joto. Maji yanayoingia yanapojaa ni moto kuliko yale ya zamani. Kwa hiyo mahali palepale palipoota kotonii mwaka 1995, leo huenda pasiote. Mkulima hakusahau kazi yake, wala mkono wake haukuharibika. Maji yamebadilika.

UGONJWA WA KUGEUKA MWEUPE

Wakulima wa Ufilipino waliuita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya barafu, kwa sababu ya weupe wake. Huanza hivi. Tawi moja hupoteza rangi. Mahali fulani katikati ya tawi huwa peupe, tena laini. Kisha hapo hukatika. Kipande cha mbele huchukuliwa na maji, kikapotea.

Wengi hudhani ni ugonjwa uliokuja tu kama ndui. Sivyo hasa. Kwanza mwani hupata shida: maji ya moto, au maji yaliyosimama, au chumvi pungufu. Nguvu zake hupungua. Ndipo vijidudu vidogo sana, ambavyo viko baharini siku zote, hupata njia ya kuingia. Ni kama mtu aliyedhoofika kwa njaa. Mafua madogo humlaza, lakini mwenye nguvu huyapita tu.

Hatari nyingine ni majani membamba kama nywele yanayoota juu ya mwani. Haya huuzuia mwani kupata mwanga na chakula, na huacha vidonda vidogo. Huzidi maji yanapokuwa moto na kusimama. Hatari ya tatu ni samaki, hasa tasi, ambao hula ncha changa. Ukiona ncha zote zimekatwa sawasawa, na rangi ni nzuri, huo si ugonjwa. Ni tasi.

Hapo mwaona faida ya kutazama vizuri. Weupe wataka dawa moja, na meno ya samaki yataka nyingine. Penye tasi wengi, hamisha kamba mbali na majani ya bahari wanamolishia. Penye weupe, vuna upesi kile kilicho kizima, kaushia, na usirudishe mbegu pale mpaka maji yapoe.

NAMNA YA KUPANDA

Mwani haupandwi kwa mbegu kama mtama. Hukatwa kipande kutoka katika mwani mzima, nacho huitwa mbegu. Chagua matawi machanga, yenye rangi nzuri, yasiyo na doa jeupe wala nywele. Kata kwa kisu kikali. Kipande cha gramu 100 hivi chatosha.

Chomeka vigingi viwili mchangani, kisha funga kamba kati yake. Katika kamba hiyo funga vipande kwa vikamba vidogo, kimoja baada ya kimoja. Kati ya kimoja na kingine acha nafasi ya sentimita 20. Usikaze sana, maana tawi likinyongwa litakatika. Usilegeze sana, maana mawimbi yatalichukua. Funga kamba katika mkondo, sio kuuzuia.

Kumbuka jambo hili. Mbegu inapokuwa mkononi mwako iko nje ya maji, nayo inaumia. Ifunike kwa gunia lililolowa, iweke kivulini, wala usiipitishe saa nyingi ufukoni. Mbegu nyingi za kotonii hufa kabla ya kufika shambani, na mwenyewe hajui.

Kila bamvua nenda shambani. Tikisa kamba ili tope lianguke. Ondoa nywele na majani yaliyonasa. Kaza vigingi.

JARIBIO LA KAMBA KUMI

Sasa twaja kwenye moyo wa somo. Usipande shamba zima la kotonii mahali usipopajua. Panda kamba kumi kwanza.

Chagua mahali pawili. Pa kwanza ni pale ulipozoea. Pa pili ni nje zaidi, penye mkondo na kina, lakini unapoweza kufika salama maji yakikupwa. Weka kamba tano hapa na tano pale. Katika kila kamba tia alama katika vipande vitatu kwa uzi wa rangi. Vipande hivyo vipime siku ya kupanda, na uandike: gramu 100, gramu 100, gramu 100.

Bamvua huja mara mbili kila mwezi, wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu. Kati ya bamvua na bamvua ni siku 14 au 15. Basi panda katika bamvua moja, na upime vile vipande vyenye uzi katika bamvua ya pili. Andika tena.

Sasa hesabu. Mahali pazuri sana, kipande cha gramu 100 hufika gramu 200 kwa siku 14. Baada ya siku 28 hufika gramu 400. Baada ya siku 42 hufika gramu 800. Kila bamvua huongezeka mara mbili.

Mahali pa wastani, gramu 100 hufika gramu 150 tu kwa siku 14. Baada ya siku 28 ni gramu 225. Baada ya siku 42 ni gramu 340 hivi.

Katika bamvua ya kwanza tofauti ilikuwa gramu 50 tu, kitu kidogo, hata jicho halikioni vizuri. Mwishoni tofauti ni gramu 460. Ndiyo maana tunapima, wala hatutazami kwa macho tu.

Kamba ya mita 10, yenye vipande kila sentimita 20, ina vipande 50 hivi. Hizo ni kilo 5 za mbegu. Mahali pazuri kamba hiyo yatoa kilo 40. Rudisha kilo 5 za mbegu, zabaki kilo 35. Mahali pa wastani yatoa kilo 17. Rudisha kilo 5 za mbegu, zabaki kilo 12.

Mwani mbichi kilo 7 ukikauka huwa kilo 1 hivi. Basi kamba ya mahali pazuri yakupa kilo 5 kavu. Kamba ya mahali pa wastani haifiki kilo 2. Na hapo hatujahesabu vile vinavyochukuliwa na mawimbi.

KOTONII AU SPINOSUMU?

Tufanye hesabu moja zaidi. Bei ninazotaja ni za mfano tu. Bei za kweli kaulizeni kwa wanunuzi wawili au watatu, sio mmoja.

Tuseme kilo moja ya spinosumu kavu ni shilingi 500, na kilo moja ya kotonii kavu ni shilingi 1,000. Katika maji yako spinosumu hukua vizuri sana, lakini kotonii hukua kwa wastani. Kamba ya spinosumu yatoa kilo 5 kavu: shilingi 2,500. Kamba ya kotonii yatoa kilo 1 na robo tatu hivi: shilingi 1,750. Bei ya kotonii ni maradufu, lakini fedha mkononi ni pungufu.

Lakini kama mahali pa nje kotonii nayo hutoa kilo 5, fedha ni shilingi 5,000. Hapo kotonii imeshinda.

Basi lile swali la Bibi yetu limejibiwa. Mwani wenye bei kubwa sio wenye faida kubwa kwa kila mtu. Faida ni bei pamoja na maji. Bei mwajulishwa na mnunuzi. Maji mwajijulisha wenyewe, kwa kamba kumi na mizani.

Wako wakulima wanaofanya yote mawili kwa majira. Wakati wa kusi bahari hupoa. Karibu na mwezi wa Agosti na Septemba maji ya Unguja hushuka hata kufika digrii 25 au 26. Huo ni wakati mzuri wa kujaribu kotonii. Wakati wa kaskazi, Januari hata Machi, maji hupata moto, na kotonii ya kina kifupi huwa hatarini. Wakati huo spinosumu ni salama zaidi.

MAJI YA KINA

Labda Bwana mmoja atasema: "Mwalimu, basi twende wote kwenye maji ya kina." Ni kweli kwamba kotonii hupona zaidi huko. Mtaalamu wetu, Dkt. Flower Msuya, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar, ameshughulika miaka mingi na wakulima wa mwani. Kilimo cha vyelezo vinavyoelea, na cha nyavu zilizoshonwa kama bomba, kimejaribiwa pamoja nao. Katika nyavu hizo mwani hukaa ndani, haukatiki ovyo, wala kufunga kipande kimoja kimoja hakuhitajiki.

Lakini maji ya kina yana gharama yake. Yataka chombo. Yataka nyavu na nanga. Yataka watu washirikiane. Zaidi ya yote yataka kujua kuogelea. Wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea tangu utotoni. Katika miaka ya karibuni wako waliofundishwa kwa ajili ya kazi hii hii. Nasema wazi: mtu asiyejua kuogelea asiende kwenye maji yanayompita kimo, hata kama kotonii ya huko ni nzuri namna gani. Kilo za mwani hupatikana tena. Mtu hapatikani tena. Kwanza jifunzeni kuogelea, undeni kikundi, ndipo muunde chelezo.

KUVUNA NA KUKAUSHA

Vuna baada ya wiki 6, yaani katika bamvua ya tatu tangu kupanda. Ukivuna mapema kwa haraka ya fedha, mwani huwa mwepesi na karajenani yake ni kidogo. Mnunuzi hujua.

Usianike mchangani. Mchanga hushikamana na mwani, na mnunuzi hupunguza bei. Tengeneza kichanja cha miti, utandaze wavu au majamvi juu yake. Jua kali la siku mbili au tatu latosha. Mvua ikija, funika upesi, maana maji ya mvua huuharibu mwani unaokauka.

Na spinosumu yenye bei ndogo haiishi kwenye magunia ya kuuza tu. Wako akina mama wa Unguja wanaoisaga kuwa unga na kutengenezea sabuni. Sabuni hiyo huuzwa hapa hapa, na faida yake hubaki kijijini. Habari hizo zitataka somo lake zima.

MWISHO WA SOMO

Mabibi na mabwana, leo tumejifunza kwamba kotonii haina mizizi, hula maji yanayoipita. Inataka joto la kadiri, mkondo, chumvi na mwanga. Maji ya kina kifupi hupata moto, na mwani uliochoka kwa moto ndio hugeuka mweupe. Tumejifunza kupima kwa kamba kumi kabla ya kupanda mia.

Wengi wenu mlikuja darasani ili mjue kusoma barua na kuandika majina yenu. Hiyo ni kazi njema. Lakini daftari lenu laweza kufanya zaidi. Yule anayeandika gramu 100 leo na gramu 150 baada ya siku 14 anajua habari za bahari yake ambazo hata mnunuzi wa mjini hazijui. Atakapokuja kuwaambieni, "Limeni hiki, acheni kile," mtakuwa na jibu, nalo limeandikwa kwa mkono wenu.

Kwaherini, na kazi njema.

MANENO YA SOMO

Bamvua: wakati ambao maji hujaa sana na kupwa sana.
Chelezo: miti au maboya yaliyofungwa pamoja yakaelea.
Karajenani: kitu kitokacho katika mwani, kinachofanya vitu vya majimaji kuwa vizito.
Kichanja: jukwaa la miti la kuanikia vitu.
Kupwa: maji ya bahari kurudi nyuma na kuacha ufuko wazi.
Mkondo: maji yanayotembea kwa nguvu upande mmoja.
Tasi: samaki apendaye kula mimea ya baharini.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini twasema kwamba kwa mwani maji ndiyo shamba?
2. Taja mambo manne ambayo kotonii inayataka.
3. Jaribio la sahani na ndoo latufundisha nini?
4. Utajuaje kama mwani umeliwa na tasi au umepatwa na ugonjwa wa weupe?
5. Hesabu: kipande cha gramu 100 kimefika gramu 200 kwa siku 14. Kikiendelea vivyo hivyo, kitakuwa na gramu ngapi siku ya 42?
6. Hesabu: kamba 20, kila moja imetoa kilo 35 za mwani mbichi baada ya kutoa mbegu. Kwa kilo 7 mbichi kupata kilo 1 kavu, utapata kilo ngapi kavu?
7. Zungumzeni darasani: katika ufuko wenu, wapi ni sahani na wapi ni ndoo?